Kishindo Nilichompa Hilari

Kila anayepita hapa kwetu Ntalikwa akinikuta natwanga kimya ananiuliza, "Leonia, siku hizi huimbi?" Siimbi. Na nimechoka kuulizwa. Leo nitasema kwa nini, mara moja tu, halafu mniache nitwange unga wangu kwa amani.

Kwanza mjue kuimba kinuni si kuimba kanisani. Kanisani padri anakupa wimbo, wewe unafuata. Kinuni mnakuwa wanawake watatu, michi mitatu, kinu kimoja, na mwimbishaji mmoja ndiye anayetoa maneno kichwani mwake. Michi inapokezana, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa tatu ni wa mwimbishaji. Kwa hiyo maneno nayo yanakwenda hivyo hivyo, mepesi, mepesi, kisha linakuja neno moja zito la kuangukia mchi wake. Ukitia neno jepesi hapo, mkono unapotea na wenzako wanakucheka.

Mimi nilikuwa mwimbishaji tangu nikiwa mwari, na neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa kishindo. Nililitia kila mahali. Bwana harusi aliingia kwa kishindo. Mvua ya kwanza ilishuka kwa kishindo. Hata mama mkwe wa Flavia niliwahi kumkalisha chini kwa kishindo, na mwenyewe alikuwa pale pale anapepeta, hakusema kitu. Angesema nini? Desturi yetu sisi ni kwamba mwanamke akiimba kinuni, hakuna wa kumwuliza nje ya kinu, hata mumewe. Ametukana, ametia chumvi, amesingizia, basi. Unga ukishachekechwa, habari zimekwisha.

Mimi ni mjane. Mume wangu alipofariki nilirudi nyumbani kwa mama yangu, Veneranda, na kaka yangu Hilari alikuwa akiishi nasi. Mama ni kiziwi. Si kiziwi wa kuzaliwa, ni homa ya mwaka wa njaa iliyomtwaa masikio. Lakini nawaambia, mama yangu husikia kwa nyayo. Tukitwanga alikuwa anavua makubazi, anaweka kigoda karibu na kinu, anakanyaga ardhi, anafumba macho. Mchi wa Tekla anaujua. Mchi wangu anaujua. Nikichoka anajua kabla yangu, ananiambia, "Pumzika, wewe."

Hilari alikuwa mpasua mbao. Ule ulikuwa mwaka wa mradi wa karanga kule Urambo, na mbao zilitakiwa si mchezo. Alifanya kazi na Lukumani, mtu wa Ng'ambo kule Tabora mjini, Mwislamu, fundi mtoto wa fundi. Shimo lao lilikuwa ng'ambo ya barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa pembe enzi za babu, umbali wa kuitana tu na nyumba yetu. Gogo linalazwa juu ya shimo kwenye miti miwili, linabanwa kwa kabari. Mmoja anasimama juu, mwingine anaingia chini, msumeno unapanda na kushuka kati yao. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao, macho mekundu, pua imeziba. Ndiyo maana wanapokezana zamu.

Lukumani nilimpenda, niseme ukweli. Si mapenzi ya kuolewa, msinitazame hivyo. Nilimpenda kwa jinsi alivyomsalimia mama. Alijua hasikii, basi alikuwa anasogea karibu na kigoda, anapiga kisigino chini mara mbili, tu, tu. Mama bila kufumbua macho anaitika, "Marahaba, mwanangu." Hakuna mtu mwingine aliyefikiria kufanya hivyo, hata mimi niliyemzaa.

Nimesema nini? Hata mimi niliyezaliwa naye. Mnaona ulimi wangu unavyonipeleka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua la saa sita limesimama utosini. Tulikuwa mimi, Tekla na Flavia, tunatwanga mtama, na nilikuwa nawaimbia wimbo wa kumcheka mwalimu mmoja mwenye suruali fupi. Tulikuwa na raha. Lukumani akaja peke yake, jasho tupu, akasema Hilari amebaki shimoni kwa sababu kule chini kuna kivuli, yeye amekuja kuchukua maji na kitu cha kutia tumboni. Nikamwambia viazi viko motoni, aingie jikoni angoje viive ampelekee na mwenzake. Akaingia. Nilimwona mgongo wake ameinama kwenye mtungi, kata mkononi.

Hapo ndipo mama alipofumbua macho. Akainua mguu mmoja, akaurudisha chini, akakunja uso. Akasema, "Nini kimeanguka?"

Nikamwangalia. Akarudia, "Leonia, nini kimeanguka?"

Na mimi, mwimbishaji hodari, nikauinua mchi juu kabisa auone, nikauangusha kinuni kwa nguvu zangu zote, pu! Nikamwambia, "Ni mchi wangu, mayo! Leo nimeshiba!" Hasikii, lakini aliona mdomo wangu na aliona mchi. Tekla akacheka mpaka akashika mbavu. Flavia akacheka. Mama akatutazama mmoja mmoja, akafumba macho tena, nami nikamrudia mwalimu wangu na suruali yake.

Viazi vilichelewa kuiva. Lukumani alikaa jikoni muda wa kutwanga kinu kizima na nusu, kisha akafunga viazi kwenye jani la mgomba akaondoka. Tukasikia anapiga yowe. Hilo tulilisikia.

Gogo lilikuwa shimoni, na Hilari chini yake. Kabari moja ilikutwa mbali, kwenye nyasi. Walikuja wanaume sita kulitoa. Mama alikataa kata kata mtu mwingine asimwoshe mikono mwanawe, akasema mwili mtauosha nyinyi wanaume, mikono ni yangu. Nilimshikia bakuli la maji. Kucha za Hilari zilikuwa zimejaa udongo mwekundu wa ukuta wa shimo, udongo umeshindiliwa mpaka kwenye nyama, na kidole kimoja hakikuwa na ukucha. Maiti hachimbi. Niliona, mama aliona, na maji ya lile bakuli yalibadilika rangi mara mbili.

Askari walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda zao. Watu wa kijijini walinong'ona kwamba wiki moja kabla Hilari na Lukumani waligombana hadharani kwa sababu ya zamu ya kukaa chini. Ni kweli waligombana, na jioni yake walikula sahani moja. Nadhani maneno yale yangekufa yenyewe.

Lakini siku ya kumaliza matanga ikafika, na kwetu dada wa marehemu ndiye anayetwanga unga wa siku hiyo na kuimba jinsi nduguye alivyoondoka. Ningefanyaje? Watu wamejaa uani, wanangoja. Tekla na Flavia wameshika michi yao, wananitazama. Na mimi tangu Alhamisi ile nilikuwa sina usingizi wala hamu ya chakula, kwa sababu gogo zima la mninga lilimwangukia ndugu yangu, umbali wa kuitana, nami sikusikia hata chembe. Nilikuwa nacheka suruali ya mwalimu. Sikuweza kuimba hivyo. Mtu kama Hilari, mkubwa, mwenye sauti yake, aondoke bila hata ardhi kutikisika? Nikampa kishindo. Nilikuwa na neno moja zuri maishani mwangu, nikampa hilo.

Nikaimba hivi:

*Kabari ikalia mara moja,*
*kabari ikalia mara ya pili,*
*gogo likashuka, kishindo!*

*Mwenye msumeno akaja kwetu,*
*akaja na kiu, akaomba maji,*
*ndugu yangu chini, kishindo!*

Mnaona wenyewe. Kabari zililia kwa sababu mchi wa kwanza na wa pili ilitaka kitu chepesi. Lukumani akaja kuomba maji baada ya gogo kwa sababu wimbo una mwendo wake, kishindo cha kwanza kinataka kingine, na katikati lazima mtu atembee. Sikumfikiria Lukumani kabisa. Nawaapia kwa Mama Bikira, sikumfikiria. Watu walilia sana, hata wanaume. Mama alikuwa ameketi mbali, ameegemea ukuta, na miguu yake ilikuwa ndani ya makubazi. Nilidhani ni huzuni tu.

Sasa pale matangani alikuwapo Eustace. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, alisoma kwa mapadri, akawa karani Tabora. Kijana safi, kalamu mfukoni, anatunga mashairi na kuyapeleka magazetini. Alikuwa na daftari anakusanya nyimbo za akina mama, anasema maneno yetu yasipotee. Akaniandika. Akaniomba nirudie ubeti wa pili, nikarudia, nikajisikia mtu wa maana. Mjinga mimi.

Haikupita wiki, Lukumani akachukuliwa. Eustace alikuwa amelisoma daftari lake mbele ya wakubwa. Kwake yeye lililoandikwa limeandikwa, na dada wa marehemu ametaja sauti ya kabari, ametaja gogo, ametaja nani alikuja na lini. Nilimfuata mpaka Tabora kwa miguu, nikamwambia, "Eustace, hayo ni ya kinuni! Umetoka tumbo gani wewe hata usijue?"

Akanijibu kwa upole, "Dada Leonia, damu ya kaka yako haiwezi kunyamazishwa na desturi."

Alinipenda, unajua. Alidhani ananisaidia.

Watu wa Ntalikwa nao wakabadilika. Waliokuwa wananong'ona wakaanza kusema wazi. Nilikwenda kwa Tekla, nikamwambia, "Unakumbuka mama aliuliza nini?" Akasema tumbo linamuuma. Flavia aliniambia akinitazama machoni, "Mimi sikumbuki kitu, na wewe hukumbuki kitu. Unataka watu waseme tulikuwa tunacheka mtu anakufa?" Nikaondoka. Kwa sababu ndivyo nilivyotaka kuambiwa.

Kisha akaja Maua, mke wa Lukumani, kutoka Ng'ambo, kanga kichwani, vumbi mpaka magotini. Nilimkaribisha, akakataa kigoda. Akasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuuliza jambo moja. Wewe ulisikia, au hukusikia?"

"Mambo ya kinuni hayaulizwi, Maua."

"Hilo ni la huku kwenu. Mjini mtu ananyongwa." Alisema bila kupandisha sauti. "Mume wangu anasema alipokuwa hapa Hilari alikuwa mzima, alimwacha anapangusa msumeno. Ananiambia, Leonia ananijua. Kila siku nikimpelekea chakula ananiuliza, Leonia amesema nini? Nimpelekee jibu gani?"

Nikamwambia nitakapoitwa nitasema kwamba wimbo ni wimbo tu. Akanishukuru. Yesu na Maria, alinishukuru, akapiga na goti. Mama alikuwa mlangoni anatutazama midomo.

Nilikuwa nimeshapanga, mwenzenu. Nilijiambia nitamtoa Lukumani bila kujivua nguo mbele za watu. Nitasema sikusikia kitu, nilitunga, basi. Hiyo ingetosha. La mama na mchi wangu libaki pale pale lilipo.

Siku ya kesi tuliondoka alfajiri, mama naye akafunga safari, hakuna aliyemwita. Chumba kilijaa. Hakimu alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye miwani, Kiswahili anakijua vizuri kuliko wengine waliozaliwa nacho. Lukumani alisimama kati ya askari wawili, amekonda, hajanyolewa.

Akaitwa Eustace kwanza. Hakimu akamwuliza, hili neno kishindo lina maana gani hasa, kelele?

Eustace akanyoosha koti. Lazima niseme alieleza vizuri, na mimi niliyelitumia maisha yangu yote sikuwahi kulifikiria hivyo. Akasema, "Hapana, Bwana. Kelele hupigwa na watu. Mlio ni wa kengele au ndege. Ngurumo hutoka juu na yaweza isifike. Kishindo ni lazima kitu kiwe na uzito, na ni lazima kifike chini. Watunzi hulitumia pale wanapotaka msikilizaji asisikie tu, bali atikisike. Mtu hawezi kulitaja kwa namna hii, Bwana, kama hakutikisika mwenyewe."

Hakimu akaandika yote.

Nikaitwa. Nikasema sikusikia kabari, sikusikia gogo, nilitunga. Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Umeandamwa na jamaa za mshtakiwa? Mke wake alikuja kwako."

"Alikuja. Hakunipa kitu wala kunitisha."

"Basi kwa nini wimbo una kila kitu? Kabari, gogo, maji?"

Ala, hasira zikanipanda. Mtu anakwambia ametunga, wewe unamwambia ameona! Kando ya mlango alikuwa amesimama tarishi mzee na bakora nene. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba bakora yako." Akashangaa, akanipa. Nikasimama katikati ya chumba, nikaanza kupiga sakafu, kwanza kwa ncha, pole, pole, kisha kwa nguvu, nikaimba:

*Hakimu kaketi, miwani usoni,*
*mguu wa kiti umeliwa na mchwa,*
*Hakimu kashuka, kishindo!*

Nikaishusha bakora. Askari mmoja aliruka kushika kiti. Mwanamke nyuma alisema "Mtume!" Na Hakimu mwenyewe, nawaambia nilimwona kwa macho yangu, alishika meza kwa mikono miwili.

"Umeanguka, Bwana?" nikamwuliza.

Watu wakaangua kicheko. Hata Hakimu alicheka kidogo, akavua miwani akaifuta. Nikatazama kwa Lukumani, nikamwona Maua nyuma yake ameweka mkono mdomoni, anatabasamu. Nikajisemea, tayari, Leonia, umeshinda.

Hakimu akavaa miwani. "Vizuri," akasema. "Nimekubali. Wimbo ni wa kutunga."

"Ahsante, Bwana."

"Kwa hiyo hakuna aliyesikia gogo likianguka."

"Hakuna."

"Na kama hakuna aliyesikia, hakuna anayejua lilianguka lini. Laweza kuwa lilianguka kabla mshtakiwa hajaja kwenu. Kabari ilikutwa mbali, walikuwa wamegombana, na yeye ndiye mtu wa mwisho kuwa na marehemu." Akachovya kalamu. "Unaweza kukaa."

Kile kicheko chote kikawa kama hakikuwapo. Nilikuwa bado nimesimama katikati, bakora ya watu mkononi. Nikasema moyoni, umefanya uliloweza. Nikasema, alaa, mbona hata hivyo si wewe uliyemfunga. Nikampelekea tarishi bakora yake.

Lukumani hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama yangu, aliyekaa benchi la mbele, hajui kinachoendelea, makubazi yake chini ya benchi na nyayo kwenye simenti. Akainua kisigino, askari wakiwa wamemshika, akapiga sakafu mara mbili. Tu, tu.

Mama akafumba macho. "Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa ya viziwi, chumba kizima kikasikia.

Nikapiga yowe. Sijui lilitoka wapi. Nikasema, "Bwana, mimi ni mwongo! Yuko aliyesikia!"

Nikasema yote. Nilisema Lukumani alikuwa ameinama kwenye mtungi wetu, kata mkononi, mama akafumbua macho akauliza nini kimeanguka. Aliuliza mara mbili. Nikasema nilimwinulia mchi nikamcheka. Nikasema tulicheka wote watatu, ndipo nikaona Tekla na Flavia kule nyuma wameinamisha vichwa. Nikasema viazi vilichukua muda wa kinu kizima na nusu, na kwamba Hilari alikuwa na udongo kwenye kucha. "Alikuwa hai, Bwana. Alikuwa hai muda wote nikiimba. Ningekwenda kutazama ningemkuta." Nilikuwa nimekaa sakafuni kwa wakati huo, sikumbuki nilikaaje.

Hakimu alingoja ninyamaze. Akasema, "Mama huyu ni kiziwi. Mahakama itaaminije?"

"Mjaribu," nikasema.

Akamwita askari, akamnong'oneza. Askari akatoka. Mama aligeuziwa kiti akaketi ametazama ukuta, hakuna aliyemweleza kitu, akadhani labda ndiyo adabu ya mahali pale. Tukakaa. Nje, nyuma ya jengo, kulikuwa na magogo ya kuni za jiko la askari, na huko ndiko yule askari alikotumwa kuangusha moja, na mimi sikusikia chochote, wala Eustace, nilimtazama, wala Hakimu.

Mama akainua mguu mmoja, akaurudisha chini. Akageuza shingo akinitafuta.

"Leonia," akasema. "Nini kimeanguka?"

Hakimu akaweka kalamu chini.

Lukumani aliachiliwa siku ile ile. Alikuja kwetu mara moja tu baada ya hapo, akapiga kisigino, mama akaitika, akaacha gunia la unga wa mbao wa kuwashia moto, akaondoka. Mimi hakunisalimia, na sikumlaumu. Eustace alinitumia lile daftari lake, lote, na nyimbo za wenzangu ndani. Tekla na Flavia wanatwanga kwao.

Njiani tukirudi siku ile nilimsimamisha mama, nikapiga magoti kwenye vumbi la barabara, nikamshika uso ili anione mdomo. Nikamwambia, "Mayo, siku ile si mchi wangu. Lilikuwa gogo."

Akanitazama kinywani. "Najua," akasema. "Nilijua nilipomwosha mikono." Akanipita akaendelea kutembea.

Miezi minne hakukaribia kinu. Nilitwanga peke yangu, mchi mmoja, bila neno. Kisha asubuhi moja akatoka na kigoda chake, akakiweka pale pale pa zamani, akavua makubazi, akakanyaga ardhi. Nikatwanga. Nilikuwa nakaribia kumaliza alipoinua mguu.

"Nini kimeanguka?" akaniuliza.

Nilikuwa sijasikia kitu. Nikaweka mchi chini, nikavuka barabara ya zamani, nikaenda mpaka shimoni. Nyasi zimeota, pembeni moja ukuta umemomonyoka. Niliinama nikatazama mpaka chini kabisa. Nikarudi, nikamshika uso, nikamwambia, "Hakuna kitu, mayo. Nimekwenda kutazama." Akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho.

Anauliza tena siku hizi. Sijui kama kweli anasikia, au ananiadhibu, na simwulizi. Kila akisema, naweka mchi chini naenda mpaka shimoni, hata kama mvua inanyesha, hata kama nimetoka huko sasa hivi. Jana nimekwenda mara mbili.